Nora, Jina Lako Nimelitia Wimboni

Nora wangu,

Usininunie kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu ile homa ikuondoe kule Riyadh, tumehama. Bosi amepata kazi Jeddah, tunakaa Al-Hamra, na madam amenibeba pamoja na masufuria yake. Lulu, binti yao, ametimiza miaka mitano. Yaya mwingine hamtaki.

Nyimbo zako bado zinazunguka kwenye simu za wenzetu. Nairobi ulipiga gitaa mahotelini miaka kumi, ukatoa kanda moja, wakakucheka: msichana wa Kitale anaimba mambo ya babu yake Mwairishi kwa Kiswahili, nani atanunua? Ukaja huku kutafuta pesa za studio. Kumbe huku, ukijirekodi ndani ya kabati la shuka, ndiko ulikopata watu. Wapishi na mayaya wa Riyadh walikujua kwa sauti tu. "Mashabiki wangu wote wana ikama," ulikuwa ukisema, ukicheka kile kibali chetu cha kukaa huku.

Nataka kusema juu ya ule wimbo wako wa mwisho, wa kumlilia maiti. Ulivyofundishwa na babu, penye jina mtu anaguna tu; jina hulitia aliyekuwa karibu na marehemu, siku ya msiba. "Usimtie aliye hai, Mwanasha." Ulipokufa, wenzetu waliniomba niuimbe niurekodi, mamako akuzike nao. Nikawaambia sisi Waislamu hatuimbi matangani. Waliniamini. Kweli ni kwamba sikutaka kulitamka jina lako pale, maana ningekuwa nimekuzika. Ukazikwa kimya.

Basi hapa Jeddah Lulu akaanza kuuimba, akimwogesha mwanasesere wake kwenye chumba cha kufulia. Kiswahili chako kabisa, hata ile pumzi uliyokuwa ukivuta kabla ya kiitikio. Penye jina aliguna. Kisha siku moja akatia jina la mwanasesere, na mwanasesere hatujamwona hadi leo. Akamtia paka. Kesho yake tulimkuta paka chini ya gari la bosi. Nikajiambia, ah, paka wa mjini ndivyo wanavyokufa.

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, napiga pasi kanzu za bosi, nikasikia Lulu, akichezea maji bombani, ananitia mimi. Mwanasha, wazi kabisa, wala hakugeuka kunitazama.

Niliogopa, Nora, sikufichi. Nikaketi sakafuni kando yake, nikauanza upya, na penye pengo nikasema Nora. Nikasema mpaka sauti ikakatika. Lulu akasema "halas," yaani basi imekwisha, akafunga bomba.

Tangu hapo hauimbi. Nimemwanzishia mara mbili, ananitazama tu kama hajawahi kuusikia. Mimi ni mzima, nakula, nafanya kazi. Lakini ile ilikuwa sauti yako, nami ndiye niliyeifukuza.

Mkataba ukiisha, kabla sijafika kwetu Likoni, nitapitia Kitale nimwimbie mamako kaburini kwako. Nitamwambia pia kwamba nilidanganya.

Lala sasa, shoga yangu. Umekufa. Nimekubali.

Mwanasha