Wanawake Tisa wa Kerenge

Alhamisi, Korogwe. Mawingu yametanda tangu saa saba na mvua haitaki kunyesha. Nimekaa, nimesimama, nimetoka mpaka stendi bila kuwa na safari, nimerudi. Chai niliyoagiza imepoa nikiitazama.

Kesho asubuhi mwenye eneo la Segera anataka jibu. Mpaka leo asubuhi jibu nilikuwa nalo.

Kwa asiyenijua: nina mashine moja ya kusaga nafaka. Iko Handeni, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mjomba tangu tulipofunga kazi. Tuliiweka pale kwa sababu uwanja ulikuwa wa mjomba, basi. Hakuna aliyeuliza watu wa kusaga watatoka wapi, na mtaa uleule ulikuwa na mashine nyingine tatu. Mara hii nikaapa kwamba undugu hautachagua, hesabu ndiyo itachagua. Mashine ya kusaga si meza ya nyanya. Ukishaifunga kwenye zege na kuvuta umeme, umeoa. Sina uwezo wa kuifunga mara ya tatu, na mke wangu Zaina alishasema wazi kwamba atahama na watoto mara moja tu.

Basi nikachora daftari: saa, wanawake, ndoo. Siku tatu Segera kwenye njia panda ya mabasi, siku tatu kijijini Kerenge, tangu alfajiri hadi alasiri, kijiti kimoja kwa kila mwanamke aliyepita barabarani na mzigo wa nafaka. Nilikuwa makini hadi kuudhi. Ili nisipoteze hesabu, sikuinua uso. Mtu akinisalimia, naitikia kwa kunyoosha kidole.

Segera, vijiti vilijaa kurasa nne. Kerenge, siku zote tatu, wanawake tisa.

Nikafurahi, niseme ukweli. Si kwamba naipenda Segera. Nilifurahi kwa sababu uamuzi haukuwa wangu tena. Mambo yakiharibika, lawama ni za daftari.

Leo nilikwenda Kerenge kwa Mama Hiza, mwenye banda ambalo ningelipanga huko. Tulikuwa tumezungumza kwa simu tu, na niliona si adabu kumkatalia kwa simu. Daftari sikulibeba. Nilivaa fulana na kandambili, maana shati langu la kuchomekea lilikuwa bado bichi kwenye kamba. Bodaboda akanishusha nyuma ya nyumba yake, upande wa migomba, na pale kwenye kijia nikapishana na wanawake wanne wenye ndoo za mahindi kichwani. Wakaja wengine. Sijatulia, wakaja wengine tena.

Nilimwamkia Mama Hiza, nikamuuliza leo kuna nini, msiba au harusi?

"Hamna kitu, baba. Ndiyo kila siku, wanakwenda kusaga kijiji cha pili huko." Akanitazama vizuri, akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ni wewe! Si ndiwe uliyekaa pale barabarani na peni, umechomekea, husalimii watu? Wakasema bwana ushuru kaja kuhesabu mahindi. Hata mie nilipita huku nyuma na ndoo yangu, na mpaka leo wanaiogopa barabara!"

Wale tisa, nadhani, walikuwa wageni.

Nimeona aibu. Mzaliwa wa Handeni, niliyefundishwa shikamoo kabla sijavaa viatu, nimekaa siku tatu kwenye kijiji cha watu bila kumwamkia mzee hata mmoja, nikiita hiyo kazi. Na Segera je? Pale mgeni mwenye daftari hamshtui mtu, kwa hiyo vijiti vilijaa. Lakini sasa nakumbuka vizuri kwamba mizigo mingi ilikuwa ikipakiwa kwenye mabasi. Ilikuwa inakwenda kuuzwa, siyo kusagwa. Niliiona kwa macho yangu na bado nikaiandika.

Mama Hiza akawaita wale wanawake, akawaambia mimi ni nani. Wakacheka nao, wakanitania, wengine wakatua ndoo. Bibi mmoja hakucheka. Alisema kulikuwa na bwana alileta mashine hapo, akasaga msimu mmoja, akaing'oa akaipeleka mjini, nao wakarudia kutembea.

"Na wewe utakaa?"

Nikajibu, "Inshallah, bibi."

Tangu nilipofika hapa Korogwe sijatulia kwa sababu ya jibu hilo. Neno lenyewe ni jema, ila mimi nililisema ili nipate kuondoka. Nimempigia Zaina nikamsimulia yote, kuanzia ushuru. Alicheka sana. Halafu akauliza nilimjibu nini yule bibi. Nikamwambia.

"Ndivyo ulivyonijibu na mimi," akasema, "siku tunafungua pale kwa mjomba."

Ni kweli aliniuliza, na ni kweli hata wakati ule nilikuwa najua moyoni kwamba pale hatudumu.

Mwenye eneo la Segera nimemwambia ampe mtu mwingine. Zaina anapanda basi la asubuhi kutoka Handeni, nitampokea stendi, twende Kerenge wote wawili. Tukishawaamkia watu, nitamjibu yule bibi, na mke wangu akisikia.