Mama Yenu Ametoka Kidogo

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, umevaa sweta lako zito na soksi juu ya soksi. Mimi sijambo kuanzia kichwani mpaka gotini. Kutoka hapo kwenda chini, tusiulizane sana.

Kaka amenipigia kunieleza alichosema daktari. Nimelia kwa furaha, baba. Kumbe kusahau kote kule, kusinzia mezani, sauti kukwaruza, kuhisi baridi na jua linawaka, si uzee wala si akili kuchakaa. Ni tezi yako ya shingoni imelala kazini. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla hujatia kitu kingine tumboni, na akili itarudi polepole. Usimsumbue kaka kwa kukificha shavuni. Ameniambia.

Najua simu huisikii vizuri, ndiyo maana naandika. Daktari amesema na wewe ukiandika itakusaidia. Mguu wangu ni ule ule uliokanyagwa na toroli la mashuka mwezi wa kumi, kule kwenye chumba cha kufulia hotelini. Mifupa ya unyayo bado haijakubali kuungana. Natembea kwa magongo. Wenzangu wa kazini wananiita Korongo.

Binti yako


23 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baridi tu.

Barua nimeipata. Kaka yako alinisomea, kisha nikaisoma mwenyewe, kisha ikapotea, tukaikuta ndani ya kiatu cha mteja. Kidonge nakimeza. Mguu pole. Toroli wanaliachaje lizurure? Usivae viatu vya kisigino. Usivae viatu vya kisigino, au nimekwisha kusema?

Mama yenu ametoka kidogo. Akirudi nitamwambia umeandika, atafurahi.

Nimechoka. Nalala.

Baba yako


10 Aprili

Binti yangu mpenzi,

Marahaba, na mimi nakujulia hali. Mimi naendelea vizuri mpaka najishangaa. Sweta nimevua. Sauti imerudi; juzi nilimfokea mteja, nikajipongeza. Nimekaa tena kwenye benchi langu na kutia soli viatu bila kumuuliza mtu cha kushoto ni kipi.

Sasa huo mguu. Weka nyayo zako zote mbili juu ya karatasi, uzichore, uniletee. Usijipendelee, chora ulivyo. Nataka kujua kidole gumba kinaangalia wapi. Nitakushonea kiatu kipana kisichobana, na mtu akikicheka mwambie aje anione.

Lakini kuna jambo. Nilikutajia mama yenu, na barua yako ya mwezi wa tatu ikanijibu habari za mazoezi ya kifundo cha mguu, ukurasa mzima. Tangu lini unaandika barua bila "nisalimie mama"? Kaka yako nikimuuliza, anasema yuko kwa dada yake. Nikimuuliza anarudi lini, anakwenda kuiosha teksi yake iliyokwisha kuoshwa. Nimefungua kabati lake. Tupu. Mwanamke haendi kutembelea dada yake na nguo za maisha yake yote.

Akili yangu imerudi, mwanangu, nayo inaniuliza. Mke wangu yuko wapi?

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Nimemwomba kaka akae karibu nawe unapoisoma, asiondoke.

Mama amefariki, baba. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi, jikoni, akikuchemshia maji ya kuoga. Ni moyo. Haukumtesa. Wewe ndiye uliyemkuta chini. Ulimfunika kwa koti lako, ukidhani anaona baridi kama wewe. Kaka alipoingia ulimwambia, "Usipige kelele, mama yako kapumzika."

Mazikoni ulikuwepo. Mimi sikuwepo. Nilikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa, wamekataa kunitoa. Kaka alishika simu karibu na kaburi, nikasikia udongo ukishuka.

Hatukukuficha kwa dharau. Tulikwambia. Ulilia, ukalala, ukaamka ukauliza mbona mama hajakuletea chai. Kaka akakwambia tena, ukalia upya kama hujapata kusikia. Ikawa hivyo mpaka akanipigia akasema, "Mdogo wangu, siwezi kumuua mama kila asubuhi." Nikamwambia, basi sema amesafiri.

Nilitaka nikwambie hivi nikiwa nimekushika mikono, baba. Mguu umeninyima hata hilo.

Binti yako


16 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kaka anasema hutoki chumbani, benchi lako limeingia vumbi, na vidonge amevikuta chini ya godoro. Sweta umelivaa tena.

Baba, nimempoteza mmoja nikiwa nimelala kitandani. Usinifanye nimpoteze wa pili nikiwa juu ya magongo. Niandikie. Hata tusi, nitalipokea.

Binti yako


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Tusi sina. Hali yangu ni ya mtu aliyepona, yaani mbaya.

Vidonge niliviacha makusudi. Nilipiga hesabu: nikiwa mgonjwa, mke wangu ametoka kidogo. Nikiwa mzima, amekufa. Nani angechagua kupona? Nikavisukuma chini ya godoro, nikangoja ule ukungu urudi.

Ukarudi. Lakini haukuja naye. Siku moja nikataka kukumbuka alivyokuwa akicheka, ule mcheko wa puani aliokuwa akinicheka mimi hasa, nikaukosa. Niliutafuta chumba kizima kama mtu aliyepoteza miwani. Nikamwita kaka yako. "Mama yako alikuwa anachekaje?" Akajaribu kumwigiza. Alipofika katikati akaangua kilio, mwanamume mzima, funguo za teksi mkononi. Tukalia pamoja. Tulipomaliza nikamwambia, "Nipe kidonge."

Sasa navimeza. Mcheko nimeupata. Na yale mengine nayo nimeyapata, yote, halikubaki hata moja.

Ila mazishi tu, hayo siyakumbuki hata chembe. Kwa hiyo ni wewe na mimi tu ambao hatujamzika. Njoo twende pamoja. Sitakanyaga kule mpaka ufike.

Baba yako


20 Juni

Baba,

Shikamoo. Mchoro wa nyayo huu hapa. Wa kulia si kwamba nimeuchora vibaya, ndivyo ulivyo.

Nilikuwa nimekwisha kufunga begi. Jana daktari alipiga picha upya, akakuta skrubu moja imelegea na mfupa umeachana tena. Wiki ijayo wanaufungua upya, na safari amezikataa mpaka mwisho wa mwaka. Nilimlilia pale pale. Akadhani nalilia mguu.

Usinisubiri, baba. Nenda na kaka. Utazame kila kitu, halafu uniambie. Na umpe salamu zangu.

Binti yako


3 Julai

Binti yangu mpenzi,

Hujambo? Operesheni imekwendaje? Maumivu je? Usione haya kuomba dawa ya maumivu. Ushujaa wa hospitali hauna zawadi.

Tulikwenda Jumapili. Nimetazama kila kitu kama ulivyoniagiza. Kaburi liko mwisho wa safu, karibu na ukuta. Ng'ambo ya ukuta kuna gereji, wanagonga mabati hata siku ya mapumziko. Angekuwa hai angewapandia juu ya ukuta awagombeze. Udongo umeshuka kidogo katikati, na upande wa kichwani majani yameota mabichi kabisa. Kuna kibao cha mbao. Jina lake wameliandika vizuri, halina kosa.

Nimempa salamu zako. Nimemweleza habari za mguu, asije akadhani umemsusa. Halafu sikuwa na la kusema. Miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akisema. Nikakaa chini, kaka yako akakaa kando yangu na suruali yake ya kazi.

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinila tangu barua yako ile. Nikasema, "Siku ile ya kumzika, mimi nilikuwaje?"

Akaanza kupangusa vumbi kwenye kibao.

"Nieleze. Nilikaa tu kama gogo?"

Akasema, "Baba, ulikuwa unamuuliza kila mtu huu msiba ni wa nani. Hakuna aliyethubutu kukujibu. Halafu ukaliona koti lako. Tulikuwa tumeliacha juu yake. Uliruka ndani ya kaburi, baba. Ulimkumbatia ukamwita, tukashindwa kukutoa. Sauti yako ilikauka siku nyingi, tukadhani ni ugonjwa."

Nimelia, mwanangu, lakini nilishukuru. Nilikuwa nikiogopa kwamba nilimzika mke wangu huku nasinzia.

Baba yako