Nimemwambia Mke Wangu Jeni Ile Ni Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, mimi ni fundi baiskeli, nina mke na mabinti wawili, mkubwa ana saratani ya titi, na daktari alituketisha akatueleza kwamba DNA ndani ya seli hukatikakatika kila siku na kuna jeni zinazoleta mafundi wa kuiunga, sasa binti yetu alizaliwa na jeni moja mbovu ya ufundi huo, kairithi kwangu au kwa mama yake, basi tukatolewa damu sote wawili.

Majibu nilifuata mimi kwa kuwa mama watoto alikuwa anauguza, nikafungua bahasha zote mbili njiani, yangu safi, yake ndiyo yenye jeni, nikamkuta uani anafua vilemba vya binti yetu, maana nywele zimekwisha, akaniuliza bila kugeuka, "Ni nani kati yetu?" na mwanamke huyu tangu mtoto augue anajilaumu hata kwa maziwa aliyomnyonyesha, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ni mimi." Akaacha kufua, akanishika uso kwa mikono yenye povu, akasema, "Usijilaumu, baba watoto, hukumpa kwa kupenda." Nililia, yeye akadhani ni majuto.

Sasa binti anameza vidonge vya wenye jeni hiyo na uvimbe unapungua, lakini mke wangu ananidekeza kama mgonjwa, kawapigia simu dada zangu watatu wakapime damu, wamenuna, na dada yake mwenyewe kamwambia ashukuru Mungu, kwao hakuna kitu, na hospitali imempangia mke wangu tarehe ya kupigwa picha ya matiti, barua nimeificha kwenye droo ya nati, imebaki wiki moja. Nikisema, namrudishia mzigo nilioutua. Nisiposema, itakuwaje?

Fundi Mwongo

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikupenda, mara ya pili nikatamani kukufinya sikio. Bahasha ile ilikuwa ya mkeo. Umemtua majuto, sawa, ila umemficha pia hatari iliyo mwilini mwake, na dada yake umemlaza usingizi. Methali ya ufa na ukuta unaijua, sitakuchosha nayo.

Kuwa na jeni hiyo si kuumwa. Mkeo ana nakala nyingine nzima inayofanya kazi, na huenda asiugue maisha yake yote. Lakini lazima achunguzwe matiti, na azungumze na daktari kuhusu ovari zake, mapema. Dada yake apime. Binti yenu mdogo naye aambiwe. Dada zako utawaomba radhi baadaye, wacha wanune kidogo.

Na kuna jambo ambalo labda daktari alilisema ukiwa umezama kwenye mawazo. Seli ya saratani ya binti yako imeshapoteza fundi mmoja wa kuunga DNA. Vile vidonge vinamfungia njia fundi wa pili, basi seli inashindwa kujitengeneza, inakufa. Seli zake nyingine bado zina fundi wa kwanza, kwa hiyo nyingi zinastahimili. Kasoro aliyoipata kwa mama yake ndiyo iliyoipa dawa pa kuingilia. Mkeo anastahili kulijua hilo pia, na aliyemnyima ni wewe.

Mkalishe mbali na mgonjwa, umpe bahasha yake na barua ya hospitali mkononi. Sema, "Nilidanganya." Usianze kueleza ulivyomwonea huruma, hiyo ni kujitetea. Atakasirika, na ana haki, kaa hapohapo usikilize. Usimwambie asilie.

Siku ya picha funga kibanda, uketi naye kwenye benchi la hospitali mpaka aitwe. Aliweza kukusamehe wewe jeni isiyo yako. Mpe nafasi ajisamehe iliyo yake.