Karte niliyoionyesha kwenye kilio

Jumanne, Kapata. Mvua zimeisha, kipwa, kiangazi chetu, kimeingia. Asubuhi baridi inauma vidole, mchana vumbi la malori linakaa hadi ndani ya sahani.

Munisamehe, nyinyi munaosoma hapa, na wewe zaidi, yaya Mado, dada yangu uliyenifungulia huu ukurasa. Nimekawia sana kuandika. Tata mkwe, baba wa mume wangu, alikufa, tukamzika, na tangu hapo mi niko huku kwao, pamoja na mtoto wangu Naomi. Hata simu sikuwa na nguvu ya kuishika.

Nimechoka. Si kuchoka kwa kazi. Ni kuchoka kwa watu.

Kwa wale wapya: mi niko na otisme. Watanzania wanasema usonji. Niliijua nikiwa tayari mama, wakati yaya aliponipeleka kwa daktari kule Lubumbashi. Kelele nyingi zikinipata pamoja, maneno yanakauka mdomoni na mikono inaanza kutetemeka. Ndiyo maana ninabeba karte, kadi ndogo, ndani ya pochi, imefunikwa na plastiki, ina muhuri wa hospitali. Inaeleza kwa Kifaransa hali yangu, na inaomba watu wanipe nafasi kidogo; chini iko namba ya yaya, mtu wa kupigia simu. Yaya alinifundisha: usijichoshe kueleza, toa tu karte. Sokoni imeshanisaidia. Hata kwa polisi wa barabara.

Kwenye kilio, yaani matanga, ni kitu kingine.

Munajua desturi. Mke wa mtoto wa marehemu hakai kama mgeni. Kila kundi likifika kwenye lango, unalia nao kwa sauti, unashika mikono yote, kisha unarudi kwenye mkeka pembeni ya mjane. Mi nilishika kazi ya masufuria. Nilipika bukari, ugali wetu, nilitwanga sombe, majani ya muhogo, nilibeba maji. Lakini kila sauti zilipopanda nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikaziba masikio.

Na sikulia. Hata tone.

Niseme ukweli hapa: nilimpenda yule mzee. Alifanya kazi ya mgodi mpaka mashine zikamharibu masikio, na maneno mengi hakuyapenda. Tulikuwa tunakaa wawili kwenye ukuta mdogo wa mbele, tunamenya karanga, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Huzuni yangu iko. Inakaa mahali watu hawapaoni.

Tantine Odette, dada wa marehemu na shangazi wa mume wangu, alikuwa ananichunga kwa macho. Siku ya pili akasema mbele ya wanawake wote, sauti juu:

— Mukwe wa namna gani huyu? Jicho kavu sawa jiwe! Mwenye halie ku kilio, anajua kitu yenye iliua muntu.

Yaya, unajua neno kama hilo linaelekea wapi. Linaelekea kwenye ulozi. Kuna wanawake waliofukuzwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Basi nikatoa karte. Tantine hakuona vizuri maandishi, akampa shemeji Fiston, mdogo wa mume wangu. Fiston akaisoma kwa sauti, polepole, akigeuza kila neno kwa Kiswahili. Halafu mama mmoja jirani akapasuka:

— Na mi banipatie yangu! Baandike: huyu mama, hapana kumuamusha asubui, hapana kumuomba chumvi!

Wakacheka, hata wale wenye macho mekundu. Na mi nikacheka kidogo. Nikadhani imeisha.

Kumbe nimejifunga kamba mwenyewe.

Kwa watu wa hapa, karte yenye muhuri wa hospitali ni ya mgonjwa. Mwenye sukari anayo, mwenye kifua kikuu anayo. Baada ya mazishi, familia ilipokaa kugawana kazi, Tantine hakutaja tena ulozi. Aliongea kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha. Mjane halali peke yake, alisema, mjukuu mmoja anabaki naye ili nyumba isipoe. Ni desturi, hakuna anayeikataa. Basi Naomi abaki. Si kwa wiki moja. Abaki kabisa.

— Mama yake iko mugonjwa. Karte yake yeye mwenyewe njo inasema. Tumusaidie.

Nilimtazama Patrick, mume wangu. Patrick alitazama chini.

Naomi ana miaka mitatu.

Maneno yalikauka, kama kawaida. Lakini karte sikuitoa tena. Nilingoja mpaka neno moja lirudi, na lingine nyuma yake, huku Tantine akifyonza kwa kukosa subira. Nikasema:

— Naomi atalala hapa na mi. Bila mi, hapana.

Wakaniuliza kwa njia nyingine. Nikasema yaleyale. Wakanibembeleza. Yaleyale. Fiston akasema kichwa changu kiko kama redio yenye iliharibika. Sawa. Iharibikie hapo hapo.

Ndipo mama mkwe, mjane mwenyewe, akainua mkono:

— Odette, leka, muache. Huyu mutoto akilia usiku, mi niko na nguvu ya kumubeba? Bakae bote bawili. Kilio ikiisha, tutaona.

Tutaona. Ninaishi juu ya hilo neno sasa. Ninafagia, ninapika, ninamuogesha Naomi, na kila mgeni anayeingia anaangalia kwanza mikono yangu. Ndiyo, inatetemeka. Na sahani zinaoshwa, na mtoto anakula.

Juzi nilitaka kuitupa hiyo karte chooni. Nilisimama nayo pale mlangoni. Sikuitupa, kwa sababu bila yenyewe wangeniita mulozi mpaka leo. Ilinitoa kwenye shimo moja, ikaniacha kwenye ukingo wa lingine. Kosa si la karte. Haikuandikwa kwa ajili ya watu hawa.

Kwa hiyo, yaya, kabla ya siku ya kufunga kilio, unitumie na gari la kwanza:

Sweta ya Naomi, ile nyekundu isiyo na kola. Ile nyingine inamkwaruza shingo.

Vizibo vya masikio, vile laini.

Na karte mpya. Bila muhuri. Kwa Kiswahili chetu, herufi kubwa, Tantine aisome mwenyewe. Uandike kwamba kelele inanizuia kusema, lakini ninasikia yote, na mtoto wangu ninamlea mi mwenyewe. Chini kabisa, kwenye mtu wa kupigia simu, usirudishe namba yako. Weka ya Patrick. Mwenyewe ameniomba hivyo leo asubuhi, mbele ya mama yake na Tantine.