Kiingereza Juu ya Paa

Weinfelden, 4 Machi 2024

Kaka Fernand,

Salamu nyingi kwako na shemeji. Huku wazima, ila goti langu, miaka arobaini na tano ya kupanda mapaa imelimaliza.

Nasikia umenuna. Mjukuu wako Solène alikaa kwangu, huku Uswisi ya Kijerumani, miezi kumi na moja ajifunze Kijerumani, amerudi na Kiingereza. Kweli. Lakini piga hesabu: nina mafundi kumi na wanne, lugha sita. Zikitaka kuelewana mbili mbili, ni jozi kumi na tano. Boriti ikiponyoka, nani atangoja wakalimani? Nimeweka Kiingereza, basi. Ulaya nzima ingefanya hivyo ingepumzika.

Agosti namleta mjukuu wangu Annina afanye mwaka wake wa Kifaransa kwenu, kama mimi zamani. Mwandalie chumba.

Mdogo wako,
Ueli

Epesses, 19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Pole na goti, sisi tunapumua.

Ulipokuja kwetu kujifunza Kifaransa na miaka yako kumi na sita, mama yangu hakukupa mkate mpaka uuombe kwa Kifaransa. Siku tatu ukala viazi. Ya nne ukaomba, tena na siagi juu. Wewe ulimnyima Solène nini? Anasema akifungua mdomo tu, nyumba yako nzima inahamia Kiingereza eti kumsaidia.

Waingereza wenyewe wameshahama Umoja wa Ulaya, nyinyi mnagombania viatu walivyoacha mlangoni. Annina abaki huko huko.

Kaka yako,
Fernand

Weinfelden, 2 Aprili

Kaka,

Natumaini baridi haijaunguza machipukizi ya mizabibu.

Waingereza wamehama? Sisi Waswisi hata kuingia hatujaingia.

Unajua fika kwamba nyumbani tunaongea lugha yetu ya huku, si Kijerumani cha vitabuni. Yetu Solène haelewi. Cha vitabuni tukikiongea, tunajiona tuko mbele ya hakimu. Kwenye Kiingereza wote tulikuwa wageni, hakuna aliyemcheka mwenzake. Kazi hii ya mapaa nilianza na ngazi moja ya kuazima, kaka. Siombi radhi kwa kitu kinachofanya kazi.

Ila Annina analia. Ninyime mimi, yeye usimnyime.

Mdogo wako,
Ueli

Weinfelden, 30 Mei

Kaka,

Siku hamsini na nane, kimya. Safari hii afya yako siiulizi kwa desturi. Nauliza kweli.

Annina amefunga mizigo. Anasema atakuja hata ukimfungia mlango.

Ueli

Epesses, 8 Septemba

Mdogo wangu,

Tu wazima, na zabibu zimeanza kukolea utamu.

Annina yupo, wiki ya tatu sasa. Mlango sikuufunga; shemeji yako angenilaza nje. Yeye na Solène wanaongea Kiingereza tangu kahawa ya asubuhi, na wanapendana kuliko mimi na wewe tulivyowahi. Nikiwagombeza wananijibu kwa Kifaransa, kwa adabu, halafu wanarudi kwenye Kiingereza chao. Wakicheka nauliza kuna nini. Wananitafsiria, na hapo si kichekesho tena. Jana niliinuka mezani nikaenda kumalizia chakula changu ghalani, na hawakuona.

Nilikuwa na maneno mengi ya kukujibu tangu Aprili. Nimeyachana. Hesabu yako ni sawa, ila mimi simo ndani yake.

Ijumaa tunaanza kuvuna. Panda treni ya asubuhi, goti na yote. Nataka mtu wa kunitukana kwa Kifaransa kibovu.

Kaka yako,
Fernand