Umeme wa Baba

Jumanne, 3 Juni

Manispaa wametubandikia karatasi mlangoni. Hawakubisha hodi, hawakuiingiza chini ya mlango. Wameipaka gundi, kana kwamba tumefilisika! Nyumba zote kuukuu za mtaa huu zikaguliwe waya zake za umeme. Isiyopata cheti inakatiwa umeme mwisho wa mwezi.

Nilitaka kuikwangua kabla Baba hajaiona. Wapi! Alishavaa miwani. Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari, kisha akacheka. Anasema waje tu. Nyumba hii kaiwekea waya kwa mikono yake, hakuna tundu asilolijua.

Moyo ukanilipuka. Wiki iliyopita aliniuliza mlango wa choo ni upi. Katika nyumba hii hii.

Jumatano, 4 Juni

Nimeomba ruhusa kliniki ninakofanya kazi. Daktari wa meno akanuna, utadhani wagonjwa wanakuja kumwangalia mpokezi. Nikaenda manispaa. Dirisha hili: nenda lile. Lile: mhusika katoka. Wamenizungusha mpaka viatu vikaniuma. Mwishowe nikamkuta mkaguzi mwenyewe amekaa ngazini anakula karanga. Mwanamke, mdogo kwangu, buti za kazi, sauti ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikakosa wa kugombana naye.

Kanuni ni hivi. Fundi aliyeweka waya, kama yu hai na leseni yake ni hai, ndiye anayesimama kwenye ukaguzi. Yeye afungue, yeye aonyeshe, yeye arekebishe. Leseni ya Baba ni hai. Kila mwaka tunaenda kuilipia, anavaa koti kama anakwenda kuoa! Fundi akiwa hawezi tena, anatia sahihi fomu ya kusema hawezi. Leseni inafutwa. Na nyumba inahesabika haina fundi: kuta zinapasuliwa, waya zote zinang'olewa, anaanza mwingine upya.

Nikauliza kama naweza kutia sahihi kwa niaba yake. Hapana. Awe mwenyewe, kwa mkono wake, na akili timamu.

Akili timamu ya kukiri kwamba akili si timamu! Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kukaa palepale ngazini nilie. Akataka kunipa hiyo fomu, nikamwambia abaki nayo.

Ijumaa, 6 Juni

Kaka kapiga simu. Yeye yuko mbali, kwa hiyo kila kitu kwake ni rahisi. Mzee amechoka tu, anasema. Mwache afanye kazi yake, atachangamka. Na huyo mkaguzi mwone pembeni.

Sijui kumwona mtu pembeni. Wa mbele yangu tu wananishinda.

Nikamwambia Baba ananiita kwa jina la Mama. Akasema hata yeye huwachanganya watoto wake. Basi. Simu ikakatika, au kaikata.

Mama Cherehani naye kanisimamisha uani. Ndiye mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, anashona sare za shule, na mashine zake zote ni za umeme. Dada, umeme ukikatwa mimi nife? Nikamwambia haukatwi. Nimesema kwa uhakika mpaka mwenyewe nikajishangaa.

Jumatatu, 9 Juni

Leo ukaguzi wa kwanza. Sikulala vizuri, roho juu juu. Bure!

Baba alikuwa Baba. Koti la bluu, bisibisi mfukoni, testa ya kupimia umeme sikioni kama karani wa zamani. Akamtembeza mkaguzi chumba kwa chumba. Bomba hili linapita hapa, linapinda pale, linashukia jikoni. Mkaguzi akawa anagonga ukuta na kutikisa kichwa kwa heshima. Kwenye ubao wa swichi akacheka. Kumbe Baba aliandika watu, si vyumba! Chini ya kila swichi: Mama. Wakubwa. Shangazi. Mgonjwa.

Mgonjwa ni chumba gani, mzee? Baba akaeleza kwamba ni kile cha nyuma, alikougua mama yake. Alitaka usiku mtu akikimbilia kuwasha asisome, aone tu. Mkaguzi akaigusa ile swichi. Halafu akasema ni vizuri, lakini kanuni inataka jina la chumba. Shangazi akihama je?

Kasoro ya pili iko darini, juu ya chumba cha Mama Cherehani. Waya zimeungwa na kuzungushiwa utepe tu. Siku hizi kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku chake. Atarudi Jumanne ijayo kupima. Baba akamtania: na nikikataa? Naye, kwa utani vilevile, akamweleza habari ya ile fomu. Baba akasema ile ni ya wazee.

Nimemkumbatia mkaguzi mlangoni. Sijui imekuwaje. Naye alishtuka.

Jumatano, 11 Juni

Furaha yangu haina umri mrefu.

Nimerudi kazini nikakuta Baba kaandika vibandiko vipya. Mwandiko wake uleule, herufi zimesimama wima kama askari. Kavipanga vizuri, kavibandika sawasawa. Ofisi ya Mwalimu Mkuu. Maabara. Darasa la Tano. Bwalo.

Aliweka umeme shuleni zamani sana, mimi sijazaliwa.

Akaniuliza vinaonekanaje. Nikasema vizuri, Baba. Alipoingia kuoga nikavibandua, nikaandika Jikoni, Sebule, Chumba cha Nyuma, nikiiga mwandiko wake. Wake haushikiki. Alipotoka akavitazama muda mrefu, akasema: hapa niliharakisha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeona kitu leo.

Alitaka tufanye mazoezi ya Jumanne, akaanza na soketi ya jikoni. Mafundi wa zama zake wana utaratibu wao. Mmoja anashika waya, mwingine anashika swichi kuu, na wa swichi analirudia neno baada ya kulitenda. Zima! Imezimwa. Washa! Imewashwa. Neno jingine halisemwi. Wa kwenye swichi hana maoni, Baba husema, ana mkono na ulimi tu. Enzi zake Mama ndiye aliyekaa kwenye swichi, na Baba alijisifu kwamba hajawahi kupigwa na umeme hata mara moja katika ndoa yake.

Basi. Zima. Imezimwa. Akafungua soketi, akasafisha ncha za waya, vizuri, bila papara. Kutoka kwenye swichi kuu mlango wa jikoni uko mbele yako, nilikuwa namwona. Akasema: washa!

Shaba ilikuwa bado kwenye vidole vyake.

Nikasema Baba, mkono. Akauliza mkono gani. Nikasema mkono wako, Baba! Akautazama kama mtu anayetazama mzigo uliosahauliwa na abiria mwenzake. Halafu akaachia waya, akacheka. Anasema alikuwa ananipima kama niko macho.

Nami nikacheka. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji ili asinisikie.

Jumapili, 15 Juni

Nimejaribu kumwambia. Nimemwekea chai, nimekaa karibu naye, nimeanza: Baba, hizo kazi za darini si tumwite kijana mwenye leseni... Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningeweza kuendelea. Alisema taratibu tu kwamba nyumba hii ina waya zake na watoto wake, na vyote viwili alivifanya mwenyewe, havijawahi kumtia aibu.

Nikamwongezea sukari.

Jumatatu, 16 Juni

Nimempigia mkaguzi mchana, nikiwa kazini, nyuma ya kabati la majalada. Nilikusudia kumwambia kila kitu. Akapokea kwa furaha: mzee wetu hajambo? Anasema kawasimulia wenzake ofisini juu ya zile swichi zenye majina ya watu. Wote wanataka kuja kumwona.

Nikasema nilitaka tu kuthibitisha saa.

Mwoga mkubwa mimi! Naona watu wazima wakitetemeka kwa sababu ya jino moja, nawaambia jikazeni.

Jumanne, 17 Juni

Naandika nikiwa kwenye kigoda, chini ya swichi kuu. Baba yuko darini juu ya chumba cha cherehani. Kaniambia nisibanduke hapa hata nyumba ikishika moto. Naandika ili mikono ipate shughuli.

Asubuhi aliamka mzima kabisa. Akaniita kwa jina langu. Akakagua ngazi, akaangalia mwenyewe kama swichi iko chini, yaani imezimwa, akapanda bila kuguna. Nikampelekea visanduku kimoja kimoja. Alikuwa anaimba kwa pua, na huwa haimbi kazi ikimgomea. Nikarudi hapa. Nikafikiri labda Kaka alisema kweli.

Kisha: washa!

Simwoni. Tundu la dari liko mwisho wa korido, baada ya kona. Naona miguu ya ngazi tu. Nikauliza: Baba, mikono? Akafoka: washa, nimesema!

Nikasema: imewashwa.

Sikuiwasha.

Sijui nilitegemea nini. Kwamba atashuka aseme tayari? Halafu nikamsikia: huku hakuna moto, umeme haufiki. Si kwa ukali. Kwa mshangao. Zima, akasema. Imezimwa, nikajibu, na ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nikasikia bisibisi inazunguka. Anafungua kisanduku alichokifunga sasa hivi. Nikahesabu pumzi zake. Washa! Imewashwa. Hakuna moto, mama, angalia vizuri hapo. Imewashwa, Baba. Hakuna moto.

Anabomoa. Nasikia skrubu zikianguka kwenye mbao za dari. Kazi iliyokuwa safi, hakika ilikuwa safi, mtu haimbi vile kwa kazi mbovu. Anaitafuta kasoro kiungo kwa kiungo, na kasoro nimekaa nayo hapa kwenye kigoda.

Kuwasha sasa ndiyo siwezi kabisa. Waya ziko wazi kila mahali na sijui kashika ipi. Na kusema kweli? Niseme Baba, umeme sijauwasha hata mara moja, nilikudanganya kwenye swichi? Mama hakuwahi kumdanganya kwenye swichi. Angeweza kumdanganya kuhusu vingine vyote.

Mama Cherehani katoka, uso umekunjamana: umeme vipi, kwani hajamal... Nikaweka kidole mdomoni. Akatazama swichi iko chini. Akanitazama mimi. Akasikiliza juu: washa! Imewashwa! Akarudi ndani, akafunga mlango polepole sana. Ningependa angeubamiza.

Sasa Baba anasema peke yake kule juu, habari ya waya: Naifuata, inanipotea. Naifuata, inanipotea. Sijawahi kusikia sauti hiyo kwa baba yangu. Hata siku ya msiba wa Mama alitoa amri mpaka makaburini.

Mkaguzi kafika. Nimemwonyesha kwa mkono asubiri. Kasimama ukumbini na mkoba wake wa vipimo. Kanitabasamia, kasikia vya juu, tabasamu limeondoka. Nimeegemeza kichwa ukutani, nimeifunika swichi kwa kilemba. Sijui kama kaiona.

Baba kasikia buti. Kauliza: mkaguzi kaja? Nikasema kaja, Baba. Nasikia anaweka bisibisi chini. Halafu, kwa upole, kama anayeagiza maji ya kunywa: muulize ile fomu anayo?

Nikasema Baba, shuka kwanza. Kasema anashuka. Kasema nisiwe na wasiwasi, kila kitu kina mwisho wake, na bora ameshindwa akiwa nyumbani kwake kuliko kwa mteja. Nikafungua mdomo. Neno moja tu, lingetosha! Halikutoka. Wa kwenye swichi ana mkono na ulimi, na mimi vyote viwili vimenifia.

Kashuka. Kaja mpaka kwenye kona ya korido. Vumbi hadi kwenye nyusi, miwani kaiacha juu. Kanigusa bega akipita, kasema nimefanya kazi nzuri, nimemjibu vizuri kila mara. Mkaguzi katoa fomu, kaiweka juu ya mkoba. Ananitazama mimi, si Baba. Anajipapasa mifukoni, hana kalamu, au anajifanya hana.

Baba kanigeukia, kanyoosha mkono. Kalamu pekee iliyopo ni hii ninayoandikia.