Nilirudi Nyumbani Nikakuta Matanga Yangu

Mama Valérie mpendwa, nisaidie upesi, maana Alhamisi ijayo natakiwa kutia sahihi karatasi inayosema kwamba nimekufa, na anayekuandikia ni mimi mwenyewe, niite Straton, majina yote nimeyabadilisha lakini mambo yenyewe sikubadilisha hata moja, mimi ni mkulima wa maharagwe na muhogo, mzima wa afya, nakaa kambini hapa Kashuga pamoja na familia yangu tangu tulipokimbia kilima chetu.

Nilikuwa nimeenda Kashebere siku sita kuuza maharagwe, nikarudi kwa miguu nimechoka, nikakuta mbele ya nyumba yangu mabenchi, wageni watatu waliovaa vizuri, na mke wangu Rosalie katikati yao amejifunga kitambaa kichwani analia, nikajua mmoja wa watoto wangu hayupo tena, nikatua mzigo nikasimama nyuma yao kimya kwa sababu walikuwa wanasali, ndipo nikamsikia mkubwa wao, Papa Théogène, karani wa kamati ya kanisa inayotoa bourse, yaani msaada wa kulipia masomo, akimwomba Mungu ampokee mtumishi wake Straton, baba ya Estelle, aliyefariki katika vita akiacha mjane na yatima.

Mama, baba ya Estelle ni mimi. Nikajipapasa kifua kama mjinga. Waliposema amina, Papa Théogène akageuka, akaniona, akaniuliza kwa heshima: “Na weye, papa, uko nani hapa kwa familia?” Nikamtazama mke wangu, akaangalia chini, nikamtazama binti yangu Estelle amesimama mlangoni, na mdomo wangu, sijui nani aliufungua, ukasema: “Niko mudogo wa marehemu.”

Akanipa pole, akanishika mikono yote miwili, akasema kweli mtoto amefanana sana na baba yake mdogo, kisha wakaacha sukari na sabuni za kutufariji, na mimi nikashukuru, Mama, nikashukuru kwa sabuni za msiba wangu mwenyewe.

Walipoondoka Rosalie akanieleza yote bila kunitazama, kwamba Estelle amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Kirotshe, na kambini kila mtu anasema bourse ile ni ya yatima tu, mtoto wa jirani yetu Damien alikataliwa kwa sababu baba yake yupo, basi wakanunua fomu kwa mwenye mashine ya fotokopi, Estelle akaweka alama penye neno yatima, wakaniua nikiwa njiani na gunia mgongoni. Nilimwuliza Estelle kama hakuona aibu. Hakunijibu kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema juu ya minerval, yaani karo ya chuo: “Papa, ukiwa muzima, hauwezi kunilipia hata minerval ya mwezi moja. Ukiwa marehemu, unanilipia miaka tatu.”

Nikienda Kirotshe kwa kamati nikatia sahihi kama baba mdogo na mlezi, na kupeleka hati ya kifo ambayo mtu mmoja amekubali kutuandikia, mtoto atasoma, na nikisema ukweli nitakuwa baba aliyemtoa mtoto wake chuoni kwa mdomo wake. Niambie, Mama, nibaki nimekufa?

Straton, Kashuga


Papa Straton,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Miaka yote ninayojibu barua hapa wameniandikia waliotorokwa, waliofukuzwa, waliorogwa na waliodhani wamerogwa. Marehemu wewe ni wa kwanza. Pole sana. Na pole ikiisha, acha nikugombeze.

Kwanza fomu. Sikukutaja popote, nilikwenda tu kwa kamati nikaomba moja, kama mtu yeyote anavyoweza kuomba. Walinipa bure. Nyinyi mmenunua bure ya watu, tena nusu, maana mwenye mashine alitoa kopi ya upande mmoja. Kisha nikaigeuza karatasi. Nyuma kuna sehemu ya pili, ya watoto ambao wazazi wao wako hai lakini wamepoteza mashamba au mifugo kwa kukimbia vita. Ni nyinyi hao, mmeandikwa pale! Na chini ya ukurasa wa mbele imeandikwa kwa Kifaransa kwamba usome nyuma. Estelle ana diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, Kifaransa anakijua. Aliona nyuma peupe na hakuuliza. Mmemzika mtu kwa sababu ya maneno ya kisimani. Na yule mtoto wa Damien, nani alimwuliza alikosa karatasi gani? Nina hakika hakuna.

Nafasi za yatima ni chache. Jina la uongo likiingia, mtoto ambaye baba yake yuko chini ya udongo kweli anatoka. Na hati ya kifo haifutwi na mate. Mkirudi kilimani, nani atadai shamba lako? Siku mchumba wa Estelle ataleta ng'ombe, nani atawapokea, huyo mdogo wako asiyekuwepo?

Binti yako namwelewa. Maneno yake ni makali, lakini ni ya mtoto aliyehesabu peke yake akakosa njia. Aliyenishtua zaidi ni wewe. Walikuua bila wewe kujua, sawa. Aliyethibitisha ni wewe, tena bila kuulizwa mara mbili. Ulijibu upesi hivyo kwa sababu ulikuwa umeshaamini kwamba mtoto wako hakuhitaji.

Sasa sikia. Msingoje Alhamisi. Ondokeni Jumanne kwenda Kirotshe kwa kamati, wewe, Rosalie na Estelle, mkiwa na kadi yako ya mpiga kura, cheti cha wakimbizi wa ndani na diploma ya mtoto. Huyo wa hati ya kifo mwambieni aweke kalamu yake mfukoni. Mbele ya Papa Théogène usimwachie mke wako maneno. Wewe ukiri uongo wako, useme: “Nilisema bongo. Niko papa yake.” Kisha Estelle aombe msamaha, maana mwandiko ni wake, aombe kuhamishiwa sehemu ya pili. Sabuni kama zipo zirudisheni, kama mmefua nazo semeni mmefua nazo.

Wanaweza kukasirika. Wanaweza kumfuta kabisa, na hapo sitakudanganya, wana haki. Wakimfuta, aende chuoni aombe kulipa minerval kwa mafungu, na wakikataa, arudi mwakani na fomu yenye pande mbili. Mwaka mmoja utamuumiza, ila atasoma akiwa na baba.

Na wakikubali, chini ya sehemu ya pili kuna mstari mmoja: mchango wa mzazi. Hawakuandika pesa. Wanapokea chakula cha jiko la wanafunzi. Usiuache wazi. Andika maharagwe, andika kiasi utakachofikisha kweli kila mwezi, kwa mkono wako, Estelle akitazama, halafu utie sahihi palipoandikwa baba.

Mama Valérie